Mzazi wa Kyela, tazama wingu la Rungwe kabla hujamtoa mtoto

Mzazi mwenzangu, tunaingia Aprili. Wewe uliyezaliwa huku huhitaji kuambiwa maana yake. Ni mwezi wa kulala ukisikia bati likipigwa usiku kucha na kuamka ukakuta kuku wamepanda juu ya kinu. Kabla mvua haijakolea, naomba nikusimulie kosa langu la mwaka jana. Nimelikalia vya kutosha, na huenda likamwokoa mtoto wa mwenzangu.

Asubuhi ile jua lilichomoza vizuri. Nikaanika sare za watoto, nikawapa uji, nikawatoa: kaka wa darasa la nne na mdogo wake wa darasa la kwanza. Shule yao iko ng'ambo ya kijito kimoja. Siku za kawaida maji yake hayafiki magotini, na kuna daraja la magogo ambalo wanakijiji hulitengeneza kila mwaka. Walipokwisha kuondoka ndipo nikafungua simu. Nikakuta ujumbe wa sauti wa mama mkwe wangu, bibi yao, anayeishi Tukuyu. Alikuwa ameutuma alfajiri.

"Mwanangu, huku haijakatika tangu jana mchana. Mvua ya huku ndiyo maji yenu ya huko. Watoto wasivuke."

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, jua kali. Nikamjibu, "Pole mama, huku kwetu kweupe." Baba watoto aliposikia akacheka: "Mtoto wa Kyela akiogopa maji, atasoma mwezi gani?" Nami nikacheka, nikaenda shambani.

Saa nane mchana kijito kilikuwa mto. Huku kwetu lilikuwa halijadondoka hata tone. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba migomba mizima na mizizi yake, na daraja halikuonekana. Watoto walikuwa ng'ambo. Nilipiga simu ya mwalimu, haipatikani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mtandao unakuja na kutoweka. Baba watoto alisimama ukingoni na tochi mpaka usiku wa manane, akiita majina yao kwa zamu, na maji yanamjibu kwa kelele. Sitamcheka tena mtu anayeogopa maji.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka. Tuliwakuta kwa mama mmoja wa ng'ambo, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua, wamekaa jikoni wanakula ndizi za kuchemsha. Aliwaona wamesimama ukingoni, akawaita, akawalaza na wajukuu zake. Nilipomuuliza kijana wangu ilikuwaje, alinijibu kwa sauti ndogo: "Mama, mguu mmoja nilikuwa nimeshaweka."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike leo.

Nina ndugu yangu anayeishi Marekani, huko Minneapolis, kwenye baridi kali. Nilipomsimulia habari hii akaniambia kwamba kwao, dhoruba ya theluji ikitabiriwa, shule hutuma ujumbe kwa wazazi mapema, mara nyingi jioni ya jana yake: kesho hakuna masomo. Wazazi hununua chakula, hupanga nani atabaki nyumbani na watoto, hulala. Theluji inapoanguka usiku, kila mtu anajua la kufanya. Nikamwuliza ni theluji kiasi gani inayofunga shule. Akasema sentimita ishirini au thelathini hivi huweza kutosha.

Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu wa hali ya hewa, theluji ya sentimita 10 ikiyeyuka hutoa takribani sentimita 1 tu ya maji. Kwa hiyo sentimita 30 za theluji ni kama milimita 30 za mvua. Sasa ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inatangaza "vipindi vya mvua kubwa", inamaanisha mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kama Kyela ingekuwa nchi ya baridi, siku moja ya mvua hiyo ingetuletea theluji ya nusu mita, ya kumfika mtoto mdogo kiunoni. Huko kwa ndugu yangu wangekuwa wameshafunga kila kitu. Sisi tunatafuta mwavuli na kumwambia mtoto akimbie.

Tuhesabu kwa vyombo vya nyumbani. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba ya mita 6 kwa 8 likipata milimita 50 hukusanya lita 2,400. Hizo ni ndoo 120 za lita ishirini, kutoka paa moja, kwa siku moja. Halafu fikiria mlima mzima.

Tena theluji ina adabu moja: inakaa pale ilipoangukia mpaka iyeyuke. Mvua yetu inatembea. Hapo ndipo wazazi wa Kyela tunapokosea, kwa sababu tumezoea kutazama mbingu iliyo juu ya paa letu.

Tazama tulivyokaa. Uso wa Ziwa Nyasa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wetu wa mpunga na kokoa hauinuki sana kutoka hapo. Kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 2,960. Umbali wa kati yao ni safari fupi ya basi, lakini tofauti ya kimo ni karibu kilomita mbili na nusu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inateremka kutoka nyanda za juu kuja ziwani kupitia kwetu. Songwe, unaotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi, nao unatoka milimani upande wa Ileje. Maji yakitoka kule hushuka kwa kasi kwenye mteremko, halafu yakifika kwetu kwenye tambarare hayana pa kukimbilia. Yanatanuka. Yanaingia kwenye majaruba, barabarani, chooni, mlangoni. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Shire, kule kusini kabisa nchini Malawi. Kwa hiyo unaweza kuwa umeanika nguo juani huku mto ulio nyuma ya shule unajaa.

Tumeshaona kwingine maji ya mlima yanavyoweza kufanya. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua iliyonyesha Mlima Hanang ilishusha matope na mawe mpaka mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 walifariki. Ilikuwa asubuhi na mapema, saa ambazo wengine walikuwa bado vitandani. Na tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi asubuhi lilisombwa na maji ya mvua, watoto kadhaa wakapoteza maisha. Walikuwa njiani kwenda shule, kama wangu. Sitaji habari hizi kukutisha. Nazitaja kwa sababu kila mzazi wa watoto wale alidhani ni asubuhi ya kawaida.

Sasa tufanye nini? Hatuwezi kuwafungia watoto ndani kuanzia Machi mpaka Mei. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tungesema mtoto asitoke kila mvua inaponyesha, asingemaliza darasa la saba. Baba watoto alikuwa na haki kwa upande huo, na nilimwambia hivyo. Tulichokubaliana baada ya usiku ule ni mambo machache, na nayaandika hapa kama tulivyoyapanga mezani.

La kwanza ni kujua kusoma utabiri. TMA hutoa utabiri wa siku tano wenye viwango vya tahadhari: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Angalizo lina rangi ya njano, na wengi wetu tukiona njano tunapita. Usipite. Tena soma jina la mkoa. Mtu wa Kyela akiona "Mbeya" anafikiri ni mjini, kwenye baridi, na yeye hahusiki. Lakini Mbeya hiyo ndiyo Rungwe na Busokelo, ndiyo mito yetu, na Kyela yenyewe imo humo. Ukiona Njombe imetajwa, kumbuka milima iliyo juu ya Matema. Ukiona Songwe, kumbuka mto wa mpakani. Na pale panapoandikwa uwezekano wa kutokea ni "wastani", usisome kama "kidogo". Je, ungepanda bodaboda uliyoambiwa uwezekano wake wa kuanguka ni wa wastani?

La pili, tafuta mtu wako wa mlimani. Karibu kila familia ya Kyela ina ndugu Tukuyu, Kiwira, Lwangwa au Mwakaleli. Sisi tunaye bibi. Kila jioni ya msimu huu, kabla watoto hawajalala, tunampigia: mvua imenyesha? Imeanza saa ngapi? Imekatika? Ni maswali matatu, hayamalizi hata dakika mbili za vocha. Yeye naye anafurahi kupigiwa. Utabiri wa TMA unakuambia kitakachoweza kutokea mkoa mzima. Bibi anakuambia kinachotokea sasa hivi juu ya mto wako. Unahitaji vyote viwili.

La tatu, amueni mapema nani anasema mwisho. Kwetu hili ndilo lililokuwa gumu. Mama anasema abaki, baba anasema aende, mtoto amesimama mlangoni na begi, saa inakwenda, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Tumekubaliana hivi: ikiwa kuna tahadhari ya TMA au bibi amesema mvua haijakatika, mmoja wetu akitaka mtoto abaki, anabaki. Hakuna kura. Hakuna kumcheka mwenzako jioni kama maji hayakuja. Siku moja ya masomo hulipwa kwa daftari la rafiki. Na kama unaishi na bibi au babu na wazazi wako mbali, mko Dar es Salaam au Mbeya mjini mnatafuta maisha, tafadhali mwambieni mzee wazi kwamba ruhusa ya kumzuia mtoto anayo. Wazee wengi humtoa mtoto kwenye mvua kwa kuogopa kulaumiwa na mwenye ada.

La nne, mtafutie mtoto nyumba ya ng'ambo. Yule mama aliyewalaza wanangu sasa ni ndugu yetu. Tulimpelekea mchele na kuku, na tukafanya kile ambacho tungetakiwa kufanya kabla: kuomba. Kama mtoto wako anavuka mto, daraja la magogo, au barabara ambayo maji hukata, nenda upande ule mchana wa jua, tafuta nyumba moja ya watu unaowaamini, piga hodi, omba. Achana namba za simu mbili. Mpeleke mtoto aijue nyumba na aitambue sura ya mwenyeji. Kisha mpe mtoto ruhusa kwa kinywa chako: "Maji yakijaa, unalala hapa, na sitagomba." Kijana wangu aliniambia kilichomfanya aweke mguu majini ni hofu ya kuchelewa kurudi, maana mimi nilikuwa nagombeza anayechelewa. Nilikuwa nimemfundisha kuniogopa mimi kuliko mto.

La tano, mfundishe mtoto sheria moja isiyo na maelezo mengi: maji yakigusa daraja, au usipoona chini, unarudi. Hata wenzako wakivuka. Hata kaka mkubwa akisema twende. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kusogeza gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kubeba magari mengi. Kwa hiyo mwambie na wa bodaboda anayekubebea watoto watatu kwa mpigo. Mwambie mbele ya watoto, ili nao wasikie kwamba kukataa kuvuka ni agizo lako. Na mwambie mtoto kwamba maji yaliyojaa yanakuja na vitu: magogo, nyoka, na kwa mito yetu, mamba, ambao wakati huo hufika mahali ambapo hatujazoea kuwaona.

La sita ni la shule. Nenda kwenye kikao cha wazazi msimu huu, hata kama huwa huendi, uulize swali moja: maji yakijaa mchana, watoto wanaachiwa au wanabakishwa? Mahali pengine mwalimu huwaachia mapema kwa nia njema, wawahi nyumbani, kumbe anawapeleka mtoni saa ileile maji yanayofika. Mwalimu hawezi kujua mtoto gani anavuka wapi kama hatujamwambia. Tuwape walimu orodha: hawa wanavuka, hawa hawavuki, na namba ya mzazi wa kila mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji naye awe na nakala. Simu ichajiwe usiku, kabla umeme haujakatika. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri.

Mwisho, usidhani maji yakishuka yameisha. Yamepita vyooni kabla ya kupita kisimani. Kyela tunakijua kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa na mgeni. Kwa wiki kadhaa baada ya mafuriko chemsha maji yote ya kunywa, hata yale yanayoonekana meupe, na weka paketi za ORS ndani ya nyumba kabla msimu haujaanza. Usipokuwa nazo na mtoto ameanza kuharisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usawazishe vijiko visijae kilima, umnyweshe kidogo kidogo wakati mnakwenda zahanati. Usisubiri asubuhi. Na chandarua kirudi kitandani, maana madimbwi yakituama mbu hawachelewi.

Najua kuna msomaji atakayesema haya yote ni kazi kubwa kwa mvua ambayo tumekuwa nayo tangu enzi za babu zetu. Ni kweli mababu waliishi na maji haya. Lakini ulizia: mzee wa zamani hakumtuma mtoto wa miaka saba kuvuka mto peke yake na begi mgongoni saa kumi na mbili asubuhi. Shule imekuja na njia mpya, na sisi ndio wa kuziwekea ulinzi.

Juzi jioni nilikuwa jikoni nikamsikia mdogo wa darasa la kwanza, sasa yuko la pili, anamwuliza kaka yake, "Bibi amesemaje leo?" Kaka akajibu, "Amesema kunanyesha tangu saa tisa, na bado." Wakatazamana. Kisha yule mdogo akaenda akatoa madaftari kwenye begi, akayarudisha mezani. Hakuna aliyemwambia. Nje nyota zilikuwa zimejaa mbinguni.

Mzazi mwenzangu, usiku wa leo mpigie simu mtu wako wa mlimani. Tukutane wiki ijayo.